Upande wa Kushoto wa Sifuri

Jumatatu saa nne asubuhi, mwalimu Wabwile alichora ubaoni mistari miwili iliyopinda, mmoja wa mbili kipeo x, mwingine wa x kipeo cha pili. Ilikutana kwenye mbili na kwenye nne. Katika shule hiyo ya Kitale karatasi za grafu hukatwa nusu ili zitoshe, kwa hiyo grafu zote huanzia sifuri.

Kiti cha Emmy kilikuwa kitupu. Kwenye jaribio la mwisho, kwa swali hilohilo, aliandika jibu la tatu, hasi sifuri nukta saba saba. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na majibu mawili, basi ikasemwa amenakili kwenye simu. Wabwile alitia sahihi barua ya kumfukuza bila kuipiga hesabu yenyewe. Alikuwa na madaftari mia moja na ishirini mezani. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Alipoweka chaki chini, mistari iliendelea yenyewe kushoto. Ilitoka dirishani, ikavuka mahindi, ikashika njia ya Bungoma. Kengele ikalia, wanafunzi wakaenda kunywa chai.

Jumamosi Wabwile aliifuata. Pale Ndalu watu wa soko walikuwa wameanika mashuka juu yake. Ilikutana tena Bungoma, kwenye ukuta wa jiko la akina Emmy. Mama yake, Sellah, alikuwa ametundika mwiko pale pale ilipokatana.

"Karibu mwalimu, chai iko," Sellah alisema. "Hii kitu ilikuja Jumatatu. Haisumbui."

Wabwile akatoa rula, akapima. Hasi sifuri nukta saba saba. Chai akaiacha ipoe.

"Si nilikuambia, mwalimu," Emmy alisema, akiendelea kuchambua maharagwe. "Karatasi iliisha, nikaendelea kuchora kwa dawati."

"Nitaongea na mkuu."

Akaongea. Mwalimu mkuu, Madam Chepkemei, alikuwa ameshaiona mistari, hata ameagiza dirisha lile lisifungwe lisije likaikata. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sikatai, mwalimu. Lakini mwongozo si unasema majibu mawili? Na barua ilishaenda kwa ofisi ya elimu."

Darasani, msichana mwingine alikuwa amekalia kiti cha Emmy. Akauliza majibu ni mangapi. Wabwile alitazama dirishani, mistari ikienda zake Bungoma.

"Andikeni mbili na nne," alisema, akaanza kugawa nusu za karatasi.