Zamu ya Kisiki

Kila asubuhi, kabla ya kwenda mazoezini, Kisiki aliketi kwenye benchi nje ya mlango na mkewe akamfunga bendeji mikononi. Angeweza kujifunga mwenyewe, lakini mkewe aliianza kazi hiyo mwaka walipooana na hakuna aliyeisimamisha.

"Tanua vidole."

"Nimetanua."

"Hivi ndivyo vidole? Mie nilidhani nafunga mchi."

Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha, wa kushoto umefika kwenye kifundo, gari jeupe liliposimama mbele ya ua. Mkewe akaiacha bendeji ikining'inia. Kwa miaka kumi na mmoja meneja hakuwahi kufika kwao. Alipomtaka Kisiki, alituma mtu.

"Shemeji, hujambo? Nimekuja kumwozesha mumeo," meneja alisema akishuka. "Bibi harusi ni mkanda wa ubingwa."

"Uzito wa juu?" Kisiki aliuliza, kana kwamba kilo zake mia na kumi na mbili zingeweza kupigania kitu kingine.

"Wa juu kabisa. Wiki sita tu. Bingwa mwenyewe amekutaja."

Meneja alipoondoka, Kisiki alibaki ameketi, bendeji imelala kwenye paja. Walimwita Kisiki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwangusha. Kwa miaka sita alikuwa wa pili, nyuma ya bingwa, na miaka yote hiyo meneja alimletea walinzi wa baa, wapakiaji wa mizigo, na mabondia wazee waliopanda ulingoni wakichechemea. Alishinda mapambano thelathini na moja. Kila alipomuulizia bingwa, jibu lilikuwa moja: "Bado. Tunda huchumwa likiiva." Mkataba aliousaini akiwa na miaka ishirini na mmoja ulisema meneja ndiye atakayechagua mpinzani, naye hakuona ubaya. Mtoto akililia wembe, si lazima awepo mtu mzima wa kumzuia?

"Umesikia?" alimwambia mkewe. "Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu," mkewe alisema, akaokota bendeji. "Au zilizobaki."

Kulikuwa na jambo ambalo hawakuwahi kulizungumza. Tangu mwaka uliopita, jicho la kushoto la Kisiki lilikuwa limeingia ukungu. Mazoezini, makonde ya upande huo yalimfikia kinyume: maumivu kwanza, kisha kivuli cha glovu. Hakumwambia mtu. Aliogopa meneja angemtupa, na zamu aliyoisubiri ingekwenda kwa mwingine. Siku moja alinyoosha mkono kuchukua kikombe akakiangusha. Mkewe akapiga deki. Kuanzia kesho yake, chai iliwekwa kulia.

Siku tatu baadaye Kisiki alikwenda na mkewe na meneja kupimwa kwenye ofisi ya chama cha ngumi. Kisiki alikuwa amejiandaa. Ubao wa macho wa chumba kile aliujua, aliusoma kila mwaka alipopewa leseni, na kwa siku mbili, usiku, alikuwa amezikariri herufi zake kimoyomoyo, mstari kwa mstari, akiogopa mkewe asije akamsikia.

Mkewe na meneja walibaki mlangoni. Jicho la kulia lilisoma bila shida kitabu kidogo cha mkononi. Kisha daktari akampa kadi.

"Funika la kulia."

Alifunika. Chumba kikawa maziwa. Akasikia kitu kikishushwa ukutani.

"Haya, soma."

Akasoma. Mistari mitano, bila kukwama, na wa nne akajitia kusita kidogo ili ipendeze.

"Na wa chini kabisa?"

Akausoma na huo. Ubao ukakunjwa. Alipoondoa kadi, daktari alikuwa ameshainamia fomu.

"Macho mazuri sana," daktari alisema. Muhuri ukagonga meza mara mbili.

Kwenye korido mkewe alimshika mkono wa shati.

"Ulikuwa unasoma nini mle ndani?"

"Herufi."

"Baba watoto, ule ubao haukuwa na herufi hata moja. Zilikuwa tarakimu tupu."

Kisiki alitazama ukuta. Kilichomjia kwanza kilikuwa aibu, kama mwanafunzi aliyenaswa na karatasi mkononi.

"Labda daktari hakuangalia."

"Aliangalia. Alikuwa anagusa kila tarakimu kwa rula, na wewe unamtajia herufi. Na meneja alikuwa amesimama hapo hapo nyuma yangu, anahesabu mistari."

Kisiki akaanza kutembea kuelekea mlango wa nje.

"Kawaambie wewe mwenyewe," mkewe alisema. "Kwa mdomo wako. Tuone watasemaje."

Nje, mbele ya bango lenye picha yake na ya bingwa, wapiga picha walikuwa wakingoja. Meneja akamweka katikati, akasimama kushoto kwake, akaunyanyua mkono wake juu.

"Meneja."

"Cheka kwanza."

"Jicho hili halioni. Lina mwaka sasa."

"Ngumi juu kidogo. Hapo hapo."

"Nimesema sioni. Sitapigana. Mtafutie bingwa mtu mwingine."

"Ukijitoa, chama kinakufungia maisha. Hutapanda ulingo wowote, wala mwanao hatapanda." Meneja alisema hayo kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia. Mkono wa Kisiki ulikuwa bado juu. Alijaribu kuushusha; meneja akaushikilia.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya wapiga picha, mkoba ameukumbatia kifuani, anamtazama mdomoni.

"Daktari ameona," Kisiki alisema. "Na wewe umeona."

Mmoja wa wapiga picha akainama kubadilisha betri. Meneja aliitumia nafasi hiyo kusogea karibu, upande ule wa ukungu, hadi pumzi yake ikagusa sikio.

"Mdogo wangu, tunajua wote, na bingwa anajua. Ungekuwa unaona, zamu hii usingeipata."