Keki Kwenye Kiti cha Mbele

Halvor Tweten alikuwa amerusha ndege Alaska miaka arobaini na miwili bila kusoma orodha ya ukaguzi wa kabla ya kuruka, na alijivunia jambo hilo kuliko hata samaki aliowavua. Bintiye Signe hakuona la kujivunia. Asubuhi ile, walipokuwa wakijiandaa kwenda harusi ya binamu yake upande wa juu wa mto, alisimama mbele ya ndege mikono kiunoni.

"Baba, leo unasoma orodha yote, kwa sauti. Ukiruka jambo hata moja, funguo ni zangu na ndege tunaiuza."

"Ndege hii? Nilikubadilisha nepi humu humu!"

"Na sijui kama ulikumbuka kufunga mlango."

Halvor alicheka, lakini moyo ulimpiga paa. Bila ndege angebaki kuwa mzee wa kulisha kuku, na kuku wenyewe hakuwa nao.

Boksi la keki ya harusi likawekwa kwenye kiti cha mbele, kando yake, akaliwekea mablanketi mpaka juu lisitikisike. Signe akaketi nyuma, akajifunga mkanda. Mzee akavaa miwani, akaanza kusoma kama padri kwenye ubatizo.

"Mafuta, hayana maji! Oili, ipo! Milango, imefungwa, umesikia, bibi mkubwa? Usukani, unacheza bila kizuizi!"

Signe alihesabu kwa vidole, na jamani, hakikurukwa hata kidole kimoja. Halvor akaendesha taratibu hadi mwisho wa uwanja wa changarawe, usukani umerudi nyuma hadi tumboni mwake. Hilo halikumshtua. Ndege za gurudumu la nyuma huendeshwa hivyo zikiwa chini.

Akaipa injini nguvu zote. Ndege ikakimbia, changarawe ikaruka, lakini mkia ukagoma kuinuka. Halvor akausukuma usukani mbele ili mkia uinuke. Haukusogea. Akausukuma kwa mikono miwili, na papo hapo ndege ikaruka yenyewe, pua juu, ikipanda kama imeitwa mbinguni.

"Baba!"

Akakata moto wa injini. Ndege ikaanguka kwa kishindo, ikadunda mara mbili, ikaingia kwenye vichaka vya mierebi na kutulia. Krimu ya keki ilimjaa mzee masikioni.

Mablanketi yalikuwa yamedondoka, na hapo akaona usukani wa upande wa abiria bado umefungwa kwa mkanda. Pini ya kuzuia usukani usichezeshwe na upepo ndege ikiegeshwa ilikuwa imepotea zamani, basi yeye kila jioni aliuvuta nyuma usukani wa pili, ulioungana na wake, akaufunga kwa mkanda wa abiria wa mbele. Ujanja wake ulikuwa huo: abiria hawezi kujifunga bila kuufungua. Leo abiria alikuwa keki.

"Sikuruka hata moja!" alibwata, akipangusa krimu. "Ulihesabu mwenyewe! Nilisoma usukani, nikasema—"

"Ulisema, Baba. Hukuugusa."

Alikuwa na jibu tayari, tena jibu zuri. Akageuka nyuma ampe. Signe alikuwa ameng'ang'ania kiti cha babake, vidole vyeupe, anatetemeka kama alivyotetemeka alipotolewa mtoni akiwa na miaka sita. Halvor akaogopa, hofu ya kweli, ambayo miaka yote arobaini na miwili haikuwahi kumpata akiwa peke yake angani.

Akachomoa funguo, akampa kabla hajaziomba.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nimekupakia wewe."