Ufa wa Mlangoni kwa Hidaya

Jumamosi asubuhi, ukungu ulipoachia bonde, Hidaya alijifunga kanga kiunoni, akachukua nyundo na patasi, akaanza kubandua sakafu ya kibaraza chake. Mvua za masika na makalio ya wageni vilikuwa vimekila mpaka kokoto zikachungulia. Mafundi wa Lushoto mjini walikuwa wamemzungusha vya kutosha. Akaamua kuifanya kazi mwenyewe, na Hidaya akishaamua, hata mvua humpisha.

Kila alipobandua saruji iliyochoka, yalitoka maneno yaliyowahi kusemwa pale. Zilitoka shikamoo za watoto ambao sasa wana watoto wao, ukatoka ubishi wa mapeasi yaliyoiva kabla gari halijaja. Hidaya aliyaacha yapite, akaendelea kugonga.

Kwenye ufa wa mlangoni ikatoka sauti ya marehemu mumewe, Ismaili, na kikohozi chake cha siku za mwisho: "Shamba la bondeni ni la Hidaya. Nikiondoka, asisumbuliwe."

Ikafuata sauti ya mdogo wake, Athumani: "Nimesikia, kaka."

Hidaya aliketi juu ya mfuko wa saruji, akalia kwa hasira. Tangu matanga Athumani alikuwa akipanda kabichi bondeni, akisema kaka hakuacha neno. Hidaya alimwita. Athumani akaja na buti zenye tope la shamba lenyewe, akasikiliza ameinamisha kichwa, akakiri kwamba ndiyo, alisema hivyo. Mzee Fanueli, mwenyekiti wa kitongoji, naye akaja akasikiliza mara mbili, akaisifu sauti ilivyo safi, akaeleza kwamba ufa hauwezi kutia sahihi. Athumani akaaga, maana zamu yake ya maji ya mfereji ilikuwa imefika.

Hidaya alichanganya zege, akajaza mashimo, akapiga niru ya saruji laini juu yake mpaka ikang'aa. Ilipokauka akapaka rangi nyekundu ukingo hadi ukingo. Ufa wa mlangoni aliuzunguka kwa brashi ndogo, akauacha wazi.

Siku hizi Athumani akipita asubuhi kwenda kumwagilia, ufa husema, naye husimama kwa heshima mpaka kaka yake amalize, kisha huteremka bondeni. Juzi alileta saruji kidogo kwenye kopo.

"Shemeji, maji yataingia humo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Hidaya hakuacha kufagia.

"Nitaujenga," alisema.