Maoni ya Mtaani Yaliyofungiwa Stoo

Mama alikuwa anashona pindo la sketi ya sare barazani, mguu kwenye pedali na pini mdomoni, pale fundi viatu wa nyumba ya pili alipomuuliza kama Ijumaa atasimama kusema. Ijumaa manispaa ingeamua kama mtaro ulio wazi mbele ya shule ya msingi ufunikwe au uachwe. Mama akatoa pini moja moja, akafikiri.

"Nisimame kusema nini?"

"Si ni juu ya mtaro, mama?"

"Mtaro upo," alisema mama, akarudisha pini mdomoni.

Fundi viatu alitikisa kichwa kwa adabu. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja kuuliza kwa sababu hakuwa na la kusema, na alitarajia kuazima.

Binti wa mama huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mbishi, alikuwa nyuma ya mlango akikunja nguo za wateja, na aliposikia jibu lile aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mvua zilizopita, mtaro ule ulimchukua mtoto wa darasa la kwanza na mkoba wake. Tangu siku hiyo mama alikuwa hakamatiki. Alimfuata diwani mpaka kwa kinyozi, akampa vidonge vyake huku mheshimiwa amepakwa povu nusu ya uso na hana pa kukimbilia. Na sasa mtu huyohuyo anasema mtaro upo.

Mbishi alijua maoni ya mama yake yako wapi. Ni yeye aliyeyachukua.

Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, na katika shahada yao kila mwanafunzi alitakiwa afanye utafiti kwa wananchi, siyo kukariri ya vitabuni tu. Ukweli usemwe, kozi ilikuwa nzuri. Mhadhiri wao, Daktari, aliipigania miaka mingi kwenye vikao ambako wenzake walisinzia. Kauli yake ilikuwa moja: chuo na mtaa, bega kwa bega. Basi darasa likaingia mtaani kwa Mbishi, nyumba kwa nyumba, wakipiga hodi na kusema kama walivyofundishwa: "Tumekuja kuchukua maoni yenu."

Watu wakawakaribisha, wakawapa viti, wakawapa na maoni. Wanafunzi wakayachukua.

Maoni ya mtu mmoja yana ukubwa wa mkate na uvuguvugu wake. Ya mtu mpole hutulia mfukoni. Ya mama yalimpiga Mbishi mateke ya mbavu njia nzima hadi chuoni, naye alifurahi, maana Daktari alipenda data yenye uhai. Alipata A. Maoni yakaingia stoo ya idara, mlango ukafungwa, na mtaani watu wakaendelea kubishana juu ya mpira na bei ya sukari, ila ikitajwa habari ya mtaro walitazamana kama abiria waliosahau wanakokwenda.

Siku hiyohiyo aliyosikia jibu la mama yake, Mbishi alikwenda kwa Daktari.

"Naomba kuyarudisha, Daktari. Wenyewe wanayahitaji Ijumaa."

Daktari alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na swali lilimgusa. "Tuna utaratibu wa kuchukua," alisema. "Wa kurudisha hatuna. Sijui kama kuna chuo chenye nao."

"Basi tuanze sisi."

"Unajua kwamba bila data, alama yako haina pa kusimama?"

"Najua."

"Haya." Akatoa ufunguo kwenye droo, akaufuta vumbi kwa shati lake. "Uangalie mguu. Mengine yana hasira."

Stoo ilikuwa na kelele za soko na harufu ya mtaro. Tatizo lilikuwa moja, na ni tatizo ambalo wasomi tu wangeweza kulitengeneza: majina yote yalikuwa yamefutwa. Maadili ya utafiti yanataka mtoa maoni asijulikane, na darasa la Daktari lilikuwa na maadili kupindukia. Hakuna aliyejua yapi ni ya nani.

Wenzake walikuja kumsaidia kubeba, wengine kwa kunung'unika.

"Si tulishapata alama zetu?" aliuliza mmoja, mfuko begani.

"Alama mnazo," alisema Mbishi. "Mtaro je? Beba."

Ya mama aliyatambua kwa mateke. Alimkabidhi barazani, mama akayapokea kama anavyopokea kitambaa cha mteja, akayakumbatia, na pedali ikasimama.

"Hivi hawa watu," alisema mama, "wanangoja achukuliwe mtoto wa nani ndipo wajue kuwa ni mtoto?"

Mbishi alilia pale pale, mbele za watu, wala hakujificha. Mama akamwambia afute machozi, kuna kazi.

Kazi ilikuwa ya kupima. Mtaa ulipanga foleni barazani, na mama, futi kamba shingoni, akawajaribisha watu maoni kama magauni. Fundi viatu alipewa yaliyomkaa vizuri mabegani, lakini alipofungua mdomo akaanza kudai uzio wa shule na nidhamu ya paredi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa tayari amemtukana diwani matusi ya kijiweni, yale yanayohitaji nyundo mkononi. Wakabadilishana, wakaombana radhi. Yalibaki ya bibi muuza mkaa, aliyefariki wakati wa baridi. Mbishi akasema atakwenda nayo yeye.

Ijumaa ukumbi wa manispaa ulijaa. Ofisa aliyeongoza kikao alikuwa mcheshi, mwenye kalamu nzuri. Alisikiliza. Mwalimu mkuu alisema, fundi viatu alisema huku akijizuia, hata bibi muuza mkaa alisema kutoka mapajani mwa Mbishi, kwa kifupi, kama alivyokuwa hai. Mama alisema mwisho. Hakupaza sauti. Alimtaja mtoto kwa jina lake kamili, akaeleza mkoba wake ulipatikana wapi, akakaa.

Ofisa aliinamisha kichwa, akafunika kalamu yake. Kisha makarani wakapita na magunia.

"Tafadhali wekeni humu," alisema. "Yatafanyiwa kazi. Kanuni ndivyo ilivyo: maoni yasiyoachwa hapa, kikao hakikuyasikia."

Karani akasimama mbele ya mama, gunia wazi. Ukumbi mzima ulimtazama yeye.

Mbishi alitazama gunia, akawaza watoto wa shule na mawingu aliyoyaona asubuhi. Akamwinamia mama yake. "Mama, wape. Wakifunika mtaro, yatakuwa na kazi gani tena? Na wasipofunika, nitakuja kuyachukua. Nitavunja hata mlango."

"Wewe nilikupa kwa sababu ni mwanangu," alisema mama. "Na umehangaika vile kuyatoa. Huyu ni mwanangu?"

Karani, kijana wa watu, akaona haya.

"Wameshasikia," alisema mama. "Masikio wanayo. Kama mpaka niwe bubu ndio wafunike, basi kesho wataufukua, na nani atawauliza?" Akayakumbatia kwa mikono yote miwili. Fundi viatu naye akayafunga ya kwake ndani ya aproni. Magunia yakazunguka ukumbi, yakarudi mepesi kama yalivyotoka.

Kumbukumbu za kikao zikaandikwa kwamba wananchi walihudhuria kwa wingi na hawakuwa na maoni. Mtaro ubaki ulivyo.

Chuoni nako idara ilikagua stoo, ikakuta tupu. Daktari alimwita Mbishi, akampa habari akiwa amesimama: alama imefutwa, kozi atairudia.

"Utafanyia wapi utafiti safari hii?"

"Pale pale, Daktari."

"Utachukua nini?"

"Sichukui kitu. Nitakaa nao tuutafute ukweli pamoja, na ubaki kwao."

"Hiyo haimo kwenye mtaala," alisema Daktari. Akafikiri. "Nitakuja na buti."

Mvua ilianza siku ya shule. Mtaro ulijaa, ukapanda barabarani, ukapoteza kingo zake. Mbishi alishuka akasimama ndani ya maji mpaka mapajani, Daktari karibu yake na buti zimejaa, fundi viatu upande wa lango, wakipokezana watoto mmoja baada ya mwingine, mikoba juu. Mama alikuwa pale maji yalipoishia, akiwashusha, na mdomo wake haukupumzika: alimsema diwani, ofisa, kanuni na aliyeitunga. Watoto walivuka wakimsikiliza, maana alisema vizuri.

Wa mwisho alipoingia langoni, mama alikamua gauni lake, akageuza uso upande iliko manispaa, akaendelea.