Mwana wa Aliyetoa Ng'ombe

Msimu ule Gatsinzi alivunja watu, na sina neno la kulipamba hilo. Alichezea chuo kimoja kidogo cha Louisville mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi, na kazi yake ilikuwa moja tu: anayekuja na mpira, mwangushe. Septemba alimng'oa mtu meno. Oktoba akamvunja mwingine mtulinga, na watu wa mtaa wa South End, wakimbizi wa Minembwe kama yeye, wakampigia vigelegele kanisani, Mungu awasamehe. Mwenyewe alifurahi, tusidanganyane.

Fainali ilichezwa Columbus, dhidi ya chuo cha Buffalo. Kabla ya mchezo baba yake, Mzee Gaspari, alimwita kwenye uzio huku akihema.

"Ule wa Buffalo mwenye kukimbia na mpira, ule wanaita Ganza, unamuona? Ni mutoto ya Cyubahiro. Nimekutana na baba yake pa mulango. Kule Minembwe, wakati ya vita walitunyang'anya ng'ombe zote, ni yeye alitugawia moja. Donc wewe umekomaa na maziwa ya ile ng'ombe. Ule usimuguse."

"Papa, kumuangusha njo kazi yangu hapa."

"Nimesema."

Mtu wa nje atacheka, lakini kwa Wanyamulenge, wafugaji wale wa Minembwe, aliyekupa ng'ombe humwinulii mkono, wala mwanawe. Gatsinzi alilijua hilo tangu utotoni.

Ganza hakuambiwa lolote. Alipokuja mara ya kwanza, Gatsinzi alijifanya ameteleza. Mara ya pili vilevile, na kocha akatukana mpaka sauti ikamkauka. Mara ya tatu Gatsinzi akampisha tena, na nyuma yake alikuwa amebaki Salomon peke yake, kijana wa Bukavu aliyelala naye chumba kimoja chuoni. Ganza akainamisha kichwa, akamwingia Salomon kifuani. Mbavu zililia hadi jukwaani. Salomon alilala chali, damu mdomoni.

"Umemuachilia," Salomon alimwambia Gatsinzi. "Juu ya nini?"

Aibu ilimpanda Gatsinzi, kisha hasira ikaipita aibu.

Mchezo ulipoendelea hakumsubiri Ganza, alimfuata. Akamkuta mguu mmoja uko chini, akamwingia gotini kwa bega na uzito wake wote. Goti likapinda upande ambao goti halipindi. Ganza alipiga yowe akimwita mama yake kwa Kinyamulenge, na mashabiki wa Louisville wakasimama kushangilia. Mpira uliomtoka ndio uliowapa ushindi.

Kipenga cha mwisho kilipolia, Gatsinzi alivua kofia akamwendea baba yake. Mzee Gaspari alikwisha kushuka uwanjani, lakini alimpita, akaenda kusimama mbele ya Cyubahiro, aliyekuwa amepiga magoti kando ya mstari, amekipakata kichwa cha mwanawe.

Cyubahiro hakugomba. Aliuliza tu, bila kuinua macho, "Gaspari, ule njo mutoto yako?"

Mzee Gaspari alimtazama Gatsinzi, jasho na matope usoni, amesimama pale pale anasikia.

"Hapana," alisema. "Ule simujue."

Kisha akashika upande mmoja wa machela, wakambeba Ganza.