Chochote Chenye Betri

Kazi yangu ni kutazama mizigo ya abiria kwenye kioo cha mashine, pale uwanja wa ndege. Nimeona blenda iliyoviringishwa ndani ya suti ya harusi. Nimeona meno ya bandia ndani ya kiatu, na mwenyewe anatabasamu kama kawaida. Sishangai tena, wala sikuajiriwa kushangaa.

Asubuhi ile ilikuja trei iliyopangwa vizuri mno. Mkanda umekunjwa, simu imelazwa peke yake. Pembeni kulikuwa na mfuko wa plastiki unaoonyesha, na ndani yake kichupa kidogo cha maji ya nikotini na sigara ya umeme, imezimwa, imewekwa wazi ili mkaguzi asihangaike. Nikasema moyoni, huyu abiria amelelewa. Nikainua macho nimwone. Lo! Baba yangu mzazi.

Baba alikuwa mtahini wa madereva mpaka alipostaafu. Mtaani walimwita Breki. Mimi mwenyewe, binti yake wa kumzaa, aliniangusha mtihani kwa kutowasha indiketa kwenye uwanja mtupu. "Na kama kungekuwa na watu?" aliniuliza. Hakukuwa na watu. Kulikuwa na mbuzi, naye alikuwa amelala.

Sigara amevuta ujana wake wote na uzee wake wote, hadi mguu wa kushoto ukaanza kukosa damu. Daktari mmoja wa mji wa mbali akakubali kumzibua mshipa, kwa sharti moja: akae wiki kadhaa bila nikotini ya aina yoyote, kisha apimwe. Ikionekana kwenye damu, hapasuliwi. Asipopasuliwa, mguu unakatwa. Baba akala kiapo mbele ya mama kwamba ameacha kila kitu. Mama alilia kwa furaha, akafua mapazia ya nyumba nzima. Asubuhi ile ya trei, baba alikuwa anakwenda kwa kaka yangu katika mji huohuo wa daktari, akae huko akisubiri kipimo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimezima," akasema, akinionyesha trei. "Na kichupa hakijafika mililita mia."

Sheria hizo nilimfundisha mimi, mezani kwake, huku mama anatumiminia chai. Chochote chenye betri, baba, unabeba mkononi, maana kikiwaka kwenye mizigo ya chini hakuna wa kukizima.

Damu ilinichemka. "Si ungeificha kwenye begi kubwa?" nikamnong'oneza. "Nisingejua!"

"Ndege ina watu," akasema.

Sasa, sisi wakaguzi tumekatazwa kumkagua ndugu. Nikainua mkono, akaja mwenzangu tunayemwita Taratibu, jina ambalo amelifanyia kazi kwa bidii. Akatazama kioo, akatazama tena. "Safi. Inaruhusiwa. Pita, mzee."

Inaruhusiwa! Nilitamani niikanyage mpaka iwe unga. Lakini kitu ni halali na abiria ni halali, nami nimesimama pale na glavu zangu kama sanamu. Nikapata neno moja tu. "Baba, mguu."

Akautazama mguu wake muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza wametambulishana. Kisha akamgeukia Taratibu. "Abiria anaweza kuacha kitu chake hapa?"

Taratibu akamwonyesha sanduku la vitu vinavyoachwa. Baba akavaa miwani, akasoma maandishi. "Hapa wameandika betri zisitiwe." Akaninyooshea ule mfuko. "Basi pokea wewe."

"Siruhusiwi kupokea kitu cha abiria."

Akatikisa kichwa kukubali. Wallahi, aliridhika, kama mwanafunzi wake amesimama sawasawa kwenye mstari.

"Aliyekusindikiza bado yupo?" Taratibu akauliza.

Sote watatu tukatazama ng'ambo ya ukuta wa kioo, wanakobaki wasindikizaji. Mama alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. Yeye haondoki mpaka ndege iruke.

Hapo ndipo nilipomwona baba, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, akitafuta upenyo kwenye sheria. Akauliza kama aliyekwisha kuingia anaruhusiwa kutoka. Anaruhusiwa. Akauliza kama kuna muda. Upo. Akauliza kama kuna posta humu ndani, halafu akajijibu mwenyewe kwamba betri hazitumwi hivihivi kwa posta. Akapiga moyo konde. Akavaa mkanda, akatoka akiipinga foleni, anachechemea, anamwomba radhi kila mtu.

Ukuta ule wa kioo haupitishi sauti. Nilimwona akinyoosha mfuko. Mama akautazama, akamtazama yeye, akasimama. Nikasema leo kuna msiba. Mama alisema maneno machache tu. Baba alisimama mikono imenyooka, kichwa chini. Mama akauchukua mfuko, akaketi, akampa mgongo.

Baba akarudi na kwenda mwisho wa foleni, ingawa watu walimpisha. Safari hii trei ilikuwa na mkanda na simu tu.

"Mama amesemaje?" nikamuuliza.

"Ameniangusha." Macho yalikuwa yamelowa. "Amesema nitarudia mtihani nikishapona."

Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kazini. Wakati huo mama alikuwa ameniandikia: "Hiki kitu kinanukia embe. Nakitupa kwenye pipa hapa nje." Nikamjibu asikitupe, kina betri. Kisha akajibu: "Basi atakuja kukitupa mwenyewe, kwa miguu yake."

Kipimo hakikuonyesha nikotini, na daktari akamzibua mshipa. Siku ya kurudi tulikwenda kumpokea, mama ameshika ule mfuko mbele ya kifua kama kibao cha jina la mgeni. Baba akatokea mlangoni akitembea polepole, na miguu yote miwili ikigusa chini sawasawa. Baba akaupokea mfuko kabla hata ya salamu, akaugeuzageuza, akaniuliza betri mbovu zinapokelewa wapi.

Nikamwambia ni mbali, upande wa pili wa maegesho.

"Twende kwa miguu," akasema mama, akamshika mkono.