Wote Wamepangiwa Jumanne

Sheria ya kliniki ilikuwa moja, na nesi Wanda Pietrowski aliishika kama amana. Mwanamke atie kwanza sahihi ya kutoa mimba, kalamu iwekwe chini, nesi atoke chumbani. Ndipo aingie nesi mwingine na karatasi ya pili, amwombe kijusi kwa ajili ya utafiti. Wala tarehe isisogezwe hata saa moja kwa faida ya watafiti.

Wanda ndiye aliyekuwa nesi wa karatasi ya pili. Miaka minne hakuwahi kumbembeleza mtu.

Jumatatu hiyo alimkuta Renee Tibbets, mwoka mikate, amekuja kupimwa damu, beseni la kutapikia mapajani.

"Karatasi yako nilishasaini, dada," Renee alisema. "Wiki iliyopita, zote mbili kwa mpigo."

"Nani alikupa?"

"Daktari mwenyewe. Akasema nafasi hakuna mpaka kesho. Siku saba nasimama mbele ya oveni natapika! Wateja wangu wameanza kununua mikate kwingine."

Wanda akaenda kufungua kalenda. Alhamisi iliyopita, hakuna mtu. Ijumaa, hakuna mtu. Jumanne, wanawake watano. Damu ikamchemka. Jumatano, hospitali moja hapo Pittsburgh ingempandikiza tishu ubongoni mgonjwa mwenye ugonjwa wa kutetemeka, na zilitakiwa za vijusi vitano, vibichi. Mgonjwa huyo alikuwa baba yake Wanda.

Akaingia ofisini kwa Daktari Hallam bila kubisha hodi.

"Nimesogeza tarehe tu, Wanda. Kutoa aliamua mwenyewe."

"Na kutapika siku saba, nako aliamua?"

"Ningekuwa wewe, ningemfikiria mzee wangu."

"Koma! Baba yangu usimtaje!"

Alirudi chumbani akamweleza Renee yote, hakuficha hata la baba yake. Renee akaidai karatasi yake, akaichana vipande vipande.

"Mngeniomba kwa adabu ningewapa," alisema, machozi yakimtoka. "Shangazi yangu alikufa kwa ugonjwa huohuo, nilimlisha mimi. Lakini nyinyi mmenifuga kama kuku wa sikukuu!"

Wanda alimpigia simu daktari wa kliniki ya mtaa wa pili, akampatia Renee nafasi alasiri hiyohiyo. Kisha akaipasha habari kamati ya maadili ya hospitali ile. Kabla ya saa kumi upasuaji ulikuwa umefutwa.

Jioni alimkuta baba yake, Zygmunt, mezani mbele ya supu ya kabichi. Mikono iliyofua chuma miaka thelathini sasa haikuweza kufikisha kijiko mdomoni. Shati lilikuwa limelowa.

"Wamenipigia," mzee alisema. "Eti kuna nesi kafungua mdomo."

"Ni mimi, baba."

"Ulijua ni zamu yangu?"

"Nilijua."

"Siku mbili, mwanangu! Ungeuma ulimi siku mbili tu. Mdomo huponza kichwa, na kichwa chenyewe ni changu."

Wanda alikuwa na hasira, lakini si kwa mzee, ilikuwa kwa Hallam. Renee angetoa. Angeombwa kwa haki tu, angetoa, na baba yake angelazwa Jumatano.

Akavuta kiti, akachota supu, akaipuliza, akampelekea. Mzee akafumba mdomo, akageukia ukuta.